Wanyama wa Mfuko Nje ya Australia: Kumbukumbu za Mhudumu

Wanyama wa mfuko wa Australia wamefugwa ughaibuni tangu enzi ambazo bustani za wanyama zilikuwa mali ya wafalme na malkia. Mwanzoni mwa karne ya 19 kangaruu walikuwa wakirukaruka katika viunga vya Malmaison, karibu na Paris, makazi ya Joséphine mke wa Napoleon. Leo kangaruu mwekundu, walabi wa Bennett, koala, wombati na shetani wa Tasmania wanaonekana katika bustani za Ulaya, Amerika Kaskazini na Japani. Mgeni anayewatazama kupitia uzio hudhani kwamba shida ya kuwatunza huko ni baridi. Baridi si neno: walabi wa Bennett asili yake ni Tasmania, na theluji haimtishi. Shida ni kwamba mnyama wa aina hii amejengeka kwa kufuata miti, vijidudu na majira ya bara moja lililojitenga kwa mamilioni ya miaka, na mengi kati ya hayo hayaingii ndani ya sanduku la safari. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, Mtanzania aliyefanya kazi ya kuhudumia wanyama kaskazini mwa Ulaya, aliyajua hayo kwa mikono kabla ya kuyasoma vitabuni.

Koala ndiye anayelionyesha jambo hili waziwazi kuliko wote. Chakula chake ni majani ya mkaratusi, na karibu hana kingine. Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mti huo: hutoa nguzo za umeme, huwasha matanuri ya viwanda vya chai, na majani yake huchemshwa ili mwenye mafua ajifukize. Mafuta yale yale yanayozibua pua ndiyo silaha ya mkaratusi dhidi ya wanyama wanaotaka kuula. Ini la koala lina uwezo wa kuivunja sumu hiyo, lakini kwa kiasi, na kiasi cha sumu hutofautiana baina ya mti na mti, hata kama miti yenyewe ni ya aina moja na imepandwa safu moja. Aina za mikaratusi ni zaidi ya 700. Koala hula chache tu kati ya hizo, na kila koala ana chaguo lake ambalo huweza kubadilika bila taarifa.

Kazi ya asubuhi katika nyumba ya koala huanza kwa kuondoa matawi ya jana na kupima uzito wa kilicholiwa. Kisha matawi mapya hutumbukizwa kwenye mirija ya maji iliyofungwa juu ya nguzo, maana jani lililokauka koala haligusi. Koala huamka polepole, huvuta tawi kwa mkono, huweka pua juu ya jani na kunusa. Huliacha. Hunusa la pili, hulichuma, hulitafuna mpaka liwe uji. Mwandishi aliwahi kumwona jike mmoja akikataa fungu zima la aina aliyokuwa ameila kwa pupa siku iliyotangulia, ingawa matawi yote yalitoka shamba moja. Wahudumu walimletea aina nyingine, akala. Kama aina hiyo nyingine isingekuwapo katika chumba cha baridi siku hiyo, jike yule angelala njaa. Ndiyo sababu koala mmoja, ambaye tumboni huingiza takriban nusu kilo hadi kilo moja ya majani kwa siku, huwekewa mara kadhaa ya kiasi hicho, ya aina tofauti, na sehemu kubwa huishia kutupwa. Mhasibu wa bustani huona hasara katika lundo hilo. Mhudumu huona chakula cha kesho kilichohakikishwa.

Kwa hiyo historia ya koala nje ya Australia ni historia ya mashamba ya mikaratusi. San Diego, California, ilipokea koala wawili mwaka 1925. Hawakuishi muda mrefu, lakini mji ule ulikuwa na bahati ambayo miji mingine haikuwa nayo: mikaratusi ilikuwa imekwisha kupandwa California tangu karne ya 19, na hali ya hewa inaikubali. Bustani ya San Diego hatimaye ikawa na kundi kubwa la koala kuliko bustani yoyote nje ya Australia. Japani haikuwa na bahati hiyo, ikaijenga. Koala wa kwanza walipowasili mwaka 1984 katika bustani za Tama jijini Tokyo, Higashiyama mjini Nagoya na Hirakawa mjini Kagoshima, miti yao ilikuwa imeanza kupandwa kabla yao. Utaratibu huo ndio sahihi: shamba kwanza, mnyama baadaye.

Kaskazini mwa Ulaya mambo ni magumu zaidi. Mikaratusi mingi hufa kwa jalidi. Ile inayovumilia, kama aina ya gunnii yenye asili ya nyanda za juu za Tasmania, haitoshi peke yake, kwa kuwa koala anahitaji kuchagua. Bustani hununua majani kutoka mashamba ya maeneo yenye joto kiasi, mengine husafirishwa kwa ndege, na kila fungu linapaswa kufika likiwa bado bichi. Dhoruba ikifunga uwanja wa ndege, au shamba likipigwa na ugonjwa, saa huanza kuhesabiwa. Hata mahali palipo na mashamba, gharama huchosha. Bustani ya Tennoji mjini Osaka iliagana na koala wake wa mwisho mwaka 2019, akapelekwa Longleat nchini Uingereza. Bei ya majani ilikuwa miongoni mwa sababu. Kuamua kuacha, pale uwezo unapopungua, ni uamuzi wa heshima. Kinachotia uchungu ni bustani inayoendelea kumweka mnyama kwa sababu mabango yenye picha yake yamekwisha kuchapwa.

Majani yenyewe bado hayatoshi. Koala hayeyushi mkaratusi peke yake. Kazi kubwa hufanywa na bakteria walioko katika kifuko kirefu kilichopo mwanzoni mwa utumbo wake mpana. Mtoto hazaliwi nao. Akifikisha takriban miezi sita, mama yake hutoa kinyesi laini cha pekee ambacho mtoto hukila, na kwa njia hiyo hupokea bakteria wa mama kabla ya kugusa jani la kwanza. Mtoto aliyefiwa na mama kabla ya hatua hiyo yuko hatarini hata akiwa amenenepa kwa maziwa ya chupa. Daktari wa wanyama naye hana uhuru wa kutumia dawa anazotumia kwa wanyama wengine: dawa ya kuua bakteria wa ugonjwa huweza kuua na hao wa tumboni, na koala akadhoofu huku akitafuna majani kila siku. Mhudumu aliyezoea kuona tiba ikileta nafuu hujifunza hapa kutazama kinyesi na mizani kwa makini kuliko cheti cha dawa.

Lipo pia jambo ambalo koala huja nalo ndani ya chembe zake. Koala wa Queensland, ambao ndio wengi katika bustani za ng'ambo kwa kuwa ni wadogo na wamezoeleka kufugwa, wana virusi ambavyo vimejipachika katika urithi wao wa kijenetiki na kupita kutoka mzazi hadi mtoto. Virusi hivyo vinahusishwa na saratani ya damu na ya tezi. Karantini haizuii kitu ambacho mnyama amezaliwa nacho. Bustani inayopokea koala inapokea na uwezekano huo, na ni vyema wahudumu waambiwe mapema, wasije wakajilaumu kwa kifo ambacho usafi wao usingeweza kukizuia.

Kangaruu na walabi huonekana rahisi wakilinganishwa na koala. Hula majani ya kawaida, nyasi kavu na vyakula vya kutengenezwa, na huzaana vizuri. Urahisi huo ndio unaowaponza, kwa sababu adui wao mkubwa kifungoni hukaa pasipoonekana, yaani ndani ya mdomo. Ugonjwa wa taya huanza na jeraha dogo la fizi, pengine limechomwa na bua gumu la nyasi kavu. Bakteria wa kundi la Fusobacterium, ambao wamo katika kinyesi na udongo, huingia hapo, na kuanzia fizi hula mpaka mfupa. Meno ya kangaruu husogea mbele kadiri umri unavyokwenda, yale ya mbele yakichakaa hung'oka na ya nyuma kuchukua nafasi. Chakula laini kupita kiasi huvuruga mwendo huo. Chakula kigumu kupita kiasi huchoma fizi. Msongamano huongeza kinyesi ardhini, na kinyesi huongeza bakteria. Hivyo ugonjwa mmoja hubeba makosa ya jikoni, ya usafi na ya idadi kwa pamoja.

Dalili zake humpita mtu mwenye haraka. Kangaruu mgonjwa hafichi kichwa wala halii. Hutafuna upande mmoja. Hudondosha nyasi iliyotafunwa nusu kisha huiokota tena. Manyoya ya kidevu huwa na unyevu kidogo, na mtu akisogea karibu husikia harufu mbaya kabla ya kuona uvimbe. Uvimbe unapoonekana kwa mgeni aliye nje ya uzio, mfupa umekwisha kuliwa. Katika bustani aliyofanya kazi mwandishi, mzee mmoja wa kazi alikuwa na desturi ya kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa wakati kundi linakula, hafanyi lolote ila kutazama midomo. Wasimamizi wapya walidhani anapumzika. Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi waliowahiwa waliwahiwa na macho yake. Tiba ipo, ya kung'oa jino, kusafisha mfupa na kuweka dawa mahali pale pale, lakini ugonjwa hurudi mara kwa mara, na kila tiba humtaka mnyama akamatwe na kulazwa kwa dawa ya usingizi.

Kukamatwa nako ni hatari yake peke yake. Kangaruu ni mnyama wa kukimbia. Mbwa akibweka nje ya ukuta usiku, au fataki zikilipuka mwisho wa mwaka, kundi zima huweza kutimka gizani na kujigonga kwenye uzio ambao mchana linaufahamu vizuri. Anayenusurika kuvunjika shingo huweza kufa siku chache baadaye bila jeraha lolote: misuli iliyotaabika kwa hofu huvunjika, mabaki yake huingia katika damu na kuziharibu figo. Kwa sababu hiyo wahudumu wenye uzoefu huwazoesha kuingia wenyewe katika zizi dogo kwa chakula, ili siku ya daktari iwe kama siku nyingine. Kona za uzio huviringwa, na uzio hufunikwa kwa kitu kinachoonekana. Kazi hii ya kuzoesha huchukua muda mrefu na haionekani katika ripoti ya mwezi, kwa hiyo hukatwa kwanza bajeti inapobana.

Hatari nyingine huingia kwa miguu minne laini. Paka hakuwapo Australia kabla ya kuja kwa Wazungu, na wanyama wa mfuko hawakupata kuishi na kimelea cha toksoplazma ambacho paka hukitoa katika kinyesi chake. Kwa wanyama wengi kimelea hicho hupita bila kishindo. Kwa kangaruu na walabi huweza kuleta upofu, kuhema kwa taabu, kupooza, au kifo cha ghafla. Paka mmoja wa mtaani anayelala katika ghala la nyasi kavu anatosha. Bustani nyingi za Ulaya zilianza katika mashamba ya kale ambako paka alikuwa rafiki wa ghala, na kumfukuza huonekana ukatili. Lakini ghala la chakula cha kangaruu halina budi kufungwa kwa mlango na wavu, hata kama panya watahitaji kutafutiwa njia nyingine.

Malezi ya watoto nayo yana hesabu ngeni. Kangaruu mwekundu huzaliwa baada ya takriban siku 33 akiwa hana hata gramu moja, hupanda mwenyewe hadi kwenye mfuko, na hukaa humo kwa zaidi ya miezi saba. Maziwa ya mama hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Mama mwenye mtoto wa nje na mchanga wa ndani hutoa maziwa ya namna mbili kwa wakati mmoja, kila chuchu na yake. Mtoto akitupwa nje ya mfuko, jambo linalotokea mama anapotishika, mhudumu hana jinsi ya kuiga yote hayo. Kosa la kawaida la wasiojua ni maziwa ya ng'ombe. Sukari iliyomo humletea mtoto wa kangaruu kuhara, na huweza kumtia mtoto wa jicho. Yapo maziwa maalumu ya unga kwa kila hatua ya umri, na bustani yoyote yenye jike inapaswa kuwa nayo kabatini kabla hayajahitajika. Chupa si kila kitu: mtoto anahitaji mfuko wa kitambaa wenye joto la kudumu, giza na utulivu, mchana na usiku, na mtu yule yule wa kumlisha.

Kalenda ndiyo mahali ambapo wanyama hawa wameonyesha uwezo wa kushangaza. Walabi wa Bennett huzaa kwa kufuata urefu wa mchana. Jike hubeba kiinitete kilichosimama kukua, kikingoja miezi kadhaa mpaka siku zianze kufupika baada ya kilele cha kiangazi. Akihamishiwa nusu ya kaskazini ya dunia, ambako Juni ndiyo kilele cha mwanga, mpangilio wake huhama kwa miezi sita, na watoto huchungulia kutoka mfukoni wakati nyasi za masika ya huko zinapochipua. Mwili wake husoma jua la mahali alipo. Haishangazi kwamba walabi waliotoroka bustanini waliweza kujitegemea: katika Kisiwa cha Man, na katika msitu wa Rambouillet nchini Ufaransa, wapo wanaoishi porini hadi leo. Mafanikio hayo ni onyo pia, kwani uzio dhaifu huigeuza bustani kuwa chanzo cha mnyama mgeni.

Wombati ni mkaidi kwa upande mwingine. Ni mchimbaji wa shimo, hana uvumilivu wa joto kali, na huchoka upesi na ukaribu wa watu. Bustani ndogo ya Satsukiyama katika mji wa Ikeda, Japani, ambao una undugu wa miji na Launceston ya Tasmania, imewahi kumtunza wombati aitwaye Wain mpaka akavuka umri wa miaka 30, umri ambao wa porini haufikii. Si bustani kubwa wala tajiri.

Shetani wa Tasmania ana kisa cha aina yake, kwa kuwa kumweka ng'ambo kumefungamana na hatima ya jamii yake nyumbani. Mwaka 1996 kaskazini mashariki mwa Tasmania walionekana shetani wenye uvimbe mkubwa usoni. Ilikuja kujulikana kwamba ni saratani inayoambukizwa kwa kuumana, na shetani huumana wakila na wakipandana. Aina ya pili ya saratani hiyo ilionekana mwaka 2014. Ng'ambo, shetani wa mwisho wa kundi la zamani alikufa mwaka 2004 huko Fort Wayne, Marekani. Mwaka 2006 Copenhagen ilipewa shetani kwa heshima ya kuzaliwa kwa Mwanamfalme Christian wa Denmark, ambaye mama yake ni mzaliwa wa Hobart. Baadaye, kuanzia mwaka 2013, wengine walipelekwa Marekani na New Zealand.

Wengi wa waliopelekwa ni wazee waliopita umri wa kuzaa. Wanaozaa hubaki Australia katika makundi ya akiba. Shetani huishi miaka mitano au sita tu, na uzee humshukia ghafla. Mhudumu anayemzoea anapaswa kujiandaa kumzika mapema. Shetani huhitaji mzoga wenye mifupa na manyoya ili taya na tumbo vifanye kazi yake, na hapo ndipo uongozi huingiwa na hofu ya kuwaudhi wageni. Wageni, wakielezwa vizuri, huwa hawaudhiki. Husogea karibu zaidi.

Sheria ya Australia hairuhusu wanyama hai wa asili kama hawa kusafirishwa nje kwa biashara. Hupelekwa kwa makubaliano, serikali ikitaka kujua makazi, chakula na utaalamu wa anayepokea, na mnyama hahamishwi kwingine bila ridhaa ya serikali hiyo. Wapo wakurugenzi wanaolalamika kwamba masharti hayo ni mazito. Yana sababu, na kisa kinachoionyesha zaidi ni cha chui-mfuko wa Tasmania, mnyama aliyekwisha kutoweka. Bustani ya London ilionyesha wanyama hao tangu mwaka 1850 hadi wa mwisho wake alipokufa mwaka 1931. Walikuwapo Berlin, Cologne, Antwerp, Washington na New York. Kwa muda wote huo hakuna bustani ng'ambo iliyofanikiwa kuwazalisha. Kuzaliana kifungoni kunakojulikana kulitokea Melbourne, mwaka 1899. Aliyekufa alibadilishwa na mwingine aliyekamatwa porini, mpaka porini wakaisha. Wa mwisho anayejulikana alikufa Hobart tarehe 7 Septemba 1936. Wanyama wale walitazamwa na umati kwa miaka mingi, lakini hakuna aliyeshika daftari na kuuliza wanahitaji nini ili wazae.

Kwa uzoefu wa mwandishi, bustani ya ng'ambo isiyo na shamba lake la mikaratusi, au mkataba wa uhakika na mashamba mawili yaliyo mbali mbali, iachane na koala. Isiyo na mtu wa kuketi na kutazama midomo wakati wa kula, isiongeze kangaruu. Yenye uwanja wa nyasi, ghala lisilofikiwa na paka na wahudumu wasiobadilishwa kila msimu, inaweza kufuga walabi kwa fahari na kuwafundisha watoto wa mji wake mengi. Na wapo wasiopaswa kuondoka kabisa. Numbati, mnyama mdogo mwenye milia wa Australia Magharibi, hula mchwa watupu, hadi 20,000 kwa siku, na bustani pekee inayomzalisha ni ya Perth, ambako jua, udongo na mchwa ni vyake. Hajapelekwa bustani yoyote ng'ambo, na asipelekwe.